Muhula mmoja msituni Kibale: mwongozo kwa mwanafunzi anayevuka mpaka kwenda fildi

Siku yangu ya kwanza kituoni, mpishi alitangaza kwamba jioni kuna posho. Nilifurahi peke yangu, maana kwetu Tanzania mwanafunzi wa fildi akisikia posho anaona bahasha. Saa moja usiku nikawekewa sahani ya ugali na maharage. Uganda posho ni ugali, teksi ni daladala, na ukiambiwa "Irish" usitafute Mzungu, ni viazi mviringo.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa wanyamapori, misitu, biolojia au mazingira anayekwenda kukaa muhula mzima Kanyawara, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere ndani ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Mengi yake yatakufaa hata ukipangiwa msitu mwingine. Nimeuandika kwa msimamo mmoja niliorudi nao: muhula wa fildi ni daftari. Buti, chandarua, salamu, hela na usingizi vinatafutwa ili daftari lijae, na kilichomo kiwe kweli.

Utaulizwa pia kwa nini uende huko wakati sokwe tunao Gombe, alikoanza kazi mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960, na Mahale. Jibu langu lilikuwa kwamba mbega mwekundu niliyetaka kumsoma anaishi pande zote mbili, na kumjua mnyama kwenye msitu mmoja tu ni kumjua nusu.

Hatua ya 1: Karatasi, miezi sita kabla

Hati ya kusafiria utakuwa nayo, na ukiwa raia wa Afrika Mashariki hulipii viza. Hapo wengi hulegea wakidhani wamemaliza. Kuingia kama mgeni ni jambo moja, kusoma ni jingine. Mwambie chuo mwenyeji akueleze mapema utaratibu wa pasi ya mwanafunzi.

Kubwa zaidi ni kibali cha utafiti. Utafiti nchini Uganda husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), na kwa kuwa Kibale ni hifadhi ya taifa tangu 1993, unahitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Kama unajiunga na kozi yenye kibali chake, uliza kwa maandishi kama mradi wako mdogo unaingia humo. Kama hauingii, anza sasa. Karatasi hizi hupita mezani kwa watu wengi, na kila meza ina likizo yake.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani. Chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, basi usichome wiki ya safari. Ongeza pepopunda, na zungumza na daktari kuhusu kichaa cha mbwa na dawa ya kuzuia malaria, kwa sababu mwinuko wa mita 1,500 haumfukuzi mbu.

Kisha jambo lililonigharimu. Kabla ya kuondoka, idara yangu ilinikubalia kwa mdomo kwamba masomo ya huko yatahesabiwa. Niliporudi, aliyenikubalia alikuwa amehamishwa, na alama zangu zikakaa wiki nane bila mwenyewe. Chukua barua yenye jina la kila somo, uzito wake, na somo la kwenu litakalofidiwa. Iwe na sahihi na muhuri. Bila muhuri ni salamu tu.

Hatua ya 2: Mzigo

Usihamishe nyumba. Nguo utafua, na utakachosahau kipo Fort Portal, mji ulio karibu na kituo. Vitu vichache tu ndivyo vya kuvifikiria kwa makini.

Buti za mpira ziko juu kabisa. Zinunue huko huko sokoni, uzijaribu ukiwa umevaa soksi nene, na kidole gumba kipate nafasi ya kucheza, maana mteremko wenye tope hukusukumia vidole mbele siku nzima. Beba jozi sita za soksi ndefu na koti la mvua linalofunika mkoba, siyo mabega tu. Kibale hupata takriban milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na muhula wako una bahati mbaya ya kuangukia mojawapo. Sweta pia, usicheke: usiku kuna baridi ya Lushoto.

Tochi ya kichwani, chandarua chenye dawa, pawabenki, darubini (ukikosa ya kwako, omba idara ikuazime kwa maandishi), na mifuko ya plastiki yenye zipu, mingi kuliko unavyodhani. Simu iingie mfukoni humo, daftari liingie, na soksi kavu ziingie.

Na penseli. Wino ukiguswa na mvua unakimbia na siku yako nzima, lakini penseli ya HB inasomeka hata ukurasa ukiwa umelowa ukakaushwa jikoni. Funga penseli na daftari kwa kamba moja, kamba iwe shingoni. Nilimcheka mwenzangu aliyefanya hivyo siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani nikitafuta penseli huku mbega wangu wakiondoka.

Hatua ya 3: Njia na hela

Kutoka Bukoba utavukia Mutukula, ambako ukaguzi wa nchi mbili hufanyika kituo kimoja, halafu Masaka na Kampala. Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni kama kilomita 300, na kituo kiko mwendo mfupi nje ya mji huo.

Pale mpakani utawaona vijana wenye vitita vya noti. Pesa zote mbili zinaitwa shilingi, na ya kwao ina thamani ndogo kuliko yetu, hivyo utajiona tajiri kwa dakika kumi. Angalia kiwango cha siku kwenye simu kabla ya kushuka, badilisha za nauli na chakula tu, hesabu mwenyewe noti kwa noti, na nyingine ukazibadilishe mjini. Sajili laini ya simu kwa hati yako ya kusafiria siku hiyo hiyo, kwa kuwa hela ya simu ndiyo benki yako msituni. Nauli ya kurudi nyumbani iweke mahali ambapo hata wewe mwenyewe unaona uvivu kuifikia.

Hatua ya 4: Watu kwanza, mnyama baadaye

Wiki ya kwanza usikimbilie msitu. Wasaidizi wa utafiti pale, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani, wameshinda na wanyama hawa miaka mingi kuliko maprofesa wanaosoma matokeo yao. Mmoja wao akikwambia "tusipite hapa," unageuka kwanza, unauliza baadaye.

Ufunguo wa Tooro, ufalme wa wenyeji wa huko wanaosema Kirutooro, ni salamu. Asubuhi ni "Oraire ota?", yaani umelalaje, na huwezi kuimaliza vizuri bila empaako. Hili ni jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu hupewa mbali na jina lake. Yako machache: Amooti, Akiiki, Adyeri, Abwoli, Ateenyi, Araali na mengine, na jumla yake ni 12, moja likiwa la mfalme. UNESCO iliiingiza mila hii mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtu akikuuliza empaako yako nawe huna, sema huna. Atakupa. Mimi nilipewa Abwoli na mama muuza ndizi, na tangu siku hiyo sikuwa tena "yule Mtanzania."

Kiswahili chako kitumie kwa akili. Vijana wengi wanakielewa na watafurahia kukijaribu kwako. Lakini kwa baadhi ya wazee wa Uganda, Kiswahili kilikuja mlangoni kikiwa kimevaa gwanda na kushika bunduki. Anza na Kirutooro kibovu, ukivunja meno, kisha uombe ruhusa ya lugha nyingine. Kirutooro kibovu hakijawahi kumuudhi mtu.

Malipo ya msaidizi uliza ofisi ya kituo, lipa kiwango hicho na siku hiyo. Usilete mazungumzo ya sokoni hapa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Wanaofuata sokwe huondoka kukiwa giza, ili wawe chini ya viota kabla wenyewe hawajaamka. Wa mbega tunapata unafuu, tunatoka saa kumi na mbili. Kunywa chai, kula kitu kizito. Kama kuna katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au utumbo, usiipite, kwa sababu chakula kinachofuata ni chapati iliyobanwa mfukoni. Aliyefunga Ramadhani amwambie msaidizi wake na apange siku fupi. Niliona mtu akiifanya kazi hiyo vizuri kwa kuanza mapema na kurudi saa sita.

Njia za Kanyawara zimechorwa kama kitambaa cha drafti na zina alama. Jifunze alama hizo wiki ya kwanza ukitembea na mtu. GPS itakufa chaji, na chini ya miti mikubwa hudanganya.

Kazi ya kundi la mbega huwa hivi. Kila baada ya dakika 15 unasimama, unachukua wanyama hadi watano unaowaona, na kwa kila mmoja unaandika alichokuwa akifanya ulipomtupia jicho: anakula, anapumzika, anatembea, anatolewa chawa. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana ni mara 24, hivyo siku nzuri inakupa mistari 120. Mmoja wa mistari yangu uko hivi:

*08:45. Jike mzima, mtoto amening'inia tumboni. Anakula. Majani machanga, Celtis, mti na. 212. Urefu m 14. Mvua nyepesi.*

Ugumu uko kwenye neno "anakula". Anakula nini? Jani changa au kuukuu, tunda au ua, la mti gani? Shingo itakuuma, mvua itaingia kwenye darubini, na kishawishi kitakuja: jirani yake anakula majani machanga, basi na huyu bila shaka. Usiandike. Tuliweka safu ya "haonekani" kwenye karatasi zetu, na nilijifunza kuiheshimu. Ukurasa wenye "haonekani" kumi ni ukurasa wa mtu mkweli. Ukurasa usio na hata moja, kwenye msitu ule wenye majani yale, mimi ningeushuku.

Mti usioujua, okota jani lililoanguka, msaidizi akupe jina la Kirutooro, uliandike pamoja na namba ya mti, na jina la kisayansi ulitafute jioni. Usikubali jina la kisayansi kutoka kichwani mwako saa tatu asubuhi.

Na sasa kosa langu, ambalo nadhani ni la Waswahili peke yetu. Wiki nzima nilikuwa naandika saa kama ninavyosema: saa mbili na dakika kumi, 2:10. Jioni nilijaza kwenye kompyuta 02:10. Msimamizi alifungua jedwali, akakaa kimya, akaniuliza kwa upole kama mbega wangu hula saa nane za usiku. Baya zaidi ni kwamba siku nyingine nilikuwa nimekumbuka na kuandika 08:10, hivyo sikuweza kuongeza sita kila mahali nikalala. Siku mbili zilikwenda kwenye kutenganisha. Msaidizi naye ukimuuliza atakwambia saa mbili, kwani huko wanahesabu saa kama sisi. Basi weka saa ya mkononi kwenye mfumo wa saa 24, na uandike unachokiona kwenye saa, siyo unachokisikia kichwani.

Hatua ya 6: Jioni, kabla ya kulala

Oga, kula, jaza. Mpangilio huu usibadilishwe. Data ya leo iingie leo, ungali unakumbuka lile neno lililofutika lilikuwa nini. Piga picha kila ukurasa wa daftari kwa simu. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayolala chumba kingine, na kila wiki ukishuka mjini tuma ya tatu mtandaoni. Umeme wa sola una tabia zake: siku tatu za mawingu zinatosha kuuzima, kwa hiyo chaji mchana ukiwepo.

Kuna na daftari la pili, dogo, la mambo yasiyo na safu: nani aligombana na nani, mti gani umeanza kutoa maua, umesikia risasi au mbwa upande gani. Swali la tasnifu yangu lilitoka huko.

Hatua ya 7: Mwili, na miili ya wengine

Siafu. Utaukanyaga mstari wao siku moja, ukiwa umeinua darubini. Kwa sekunde tatu hakuna kitu, halafu wote wanauma pamoja kana kwamba wamepewa amri. Kimbia kwanza utoke kwenye mstari, ndipo uvue. Heshima huvuliwa pamoja na suruali, na hakuna atakayekucheka kwa sababu kila mtu pale ameshavuliwa. Soksi juu ya suruali, vyote ndani ya buti, hupunguza idadi.

Jikague kupe kila jioni, hata puani. Sitanii. Sokwe wa Kibale hukutwa na kupe ndani ya pua, na mtafiti mmoja wa Marekani aligundua wa kwake akiwa amesharudi nyumbani. Funza wa miguuni mwachie mama mwenye sindano safi na uzoefu.

Tembo wa msituni humwoni, unamsikia tumbo linaunguruma au unanusa. Nyamaza, msaidizi aongoze. Na usiingie pango lenye popo kwa ajili ya picha: mwaka 2008 mtalii wa Kiholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kutembelea pango la popo katika hifadhi ya Queen Elizabeth, kusini ya hapo.

Hayo ni ya kukulinda wewe. La kuwalinda wao ni hili: ukiwa na mafua, huingii msituni. Mwaka 2013 sokwe watano kati ya 56 wa kundi la Kanyawara walikufa kwa kirusi cha mafua ya binadamu, kile ambacho wewe na mimi hukimaliza kwa tangawizi. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, kundi la Ngogo ndani ya msitu huo huo lilipoteza sokwe 25 kwa kirusi kingine cha kifua chenye asili ya binadamu. Barakoa, umbali, kutotema mate, kuchimba shimo ukibanwa na haja na kulifukia, vyote vimetoka hapo. Nilipata mafua wiki ya sita, nikasema, nikakaa kituoni siku tano nikiangalia jua lilivyo zuri. Nilikasirika. Safu zile tano ziko tupu kwenye jedwali langu mpaka leo, na chini yake nimeandika sababu.

Hatua ya 8: Upweke wa wiki ya tano

Wiki nne za kwanza ni mpya zenyewe. Ya tano mvua inanyesha, mtandao unapatikana kwenye jiwe moja tu nyuma ya jiko, na nyumbani kuna harusi. Usifanye uamuzi wowote mkubwa wiki hiyo. Nenda mjini Jumamosi, kula "rolex" ya moto barabarani (mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati), au kikomando, chapati iliyokatwakatwa kwenye maharage. Asubuhi isiyo na mawingu utaiona Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, imesimama nyuma ya mji kama mtu aliyekuwepo siku zote. Wapigie wa nyumbani siku maalumu na saa maalumu, wasikae roho juu kila usipopatikana.

Hatua ya 9: Kufunga

Wiki mbili za mwisho usikusanye data mpya ya maana. Chora majedwali ya kwanza ungali huko, kwa kuwa shimo utakaloliona Kanyawara unaweza kulijaza kwa kutembea saa moja, na ukiliona ukiwa Morogoro ndiyo basi tena. Wasilisha ulichopata mbele ya wasaidizi, kwa lugha wanayoielewa. Mzee niliyefanya naye kazi alinyanyua mkono akasema namba ya mti mmoja si 212 bali 221. Alikuwa sahihi. Acha nakala ya ripoti kituoni, na ile ambayo masharti ya kibali yanakudai uipeleke UWA.

Sampuli yoyote, jani, unywele, kinyesi, usiivushe mpaka bila kibali chake, hata kama inaenea kwenye kibweta cha penseli. Ukipata homa ndani ya miezi michache baada ya kurudi, mwambie daktari kabla hajakuuliza: nilikuwa msituni magharibi mwa Uganda.

Buti usizibebe. Zina kilo mbili za tope na nyumbani hazina kazi. Osha, kausha, kisha muulize msaidizi wako anavaa namba ngapi. Mimi nilikuwa nimeuliza wiki ya kwanza, nikanunua namba yake, na muhula mzima nikavaa soksi mbili.